Jinsi ya kusoma The Omega Men bila kusoma DC nzima kwanza: mwongozo kamili

Ngoja nianze na kosa langu ili we usilirudie. Niliposikia mara ya kwanza kwamba kuna komiki ya sai-fai ya matoleo 12 tu, imejificha kwenye kona ya yunivasi ya DC (kampuni ya komiki ya Marekani, ile ya Superman, ambayo hadithi zake zote zinatokea kwenye ulimwengu mmoja wa pamoja) ambayo hata mashabiki wa DC wengi hawaifiki, na kila aliyeisoma anaiapia, nikasema poa, hii nataka niingie nimejiandaa. Nikaandika orodha. Kwanza nisome Green Lantern, afu nimfuate Kyle Rayner, muhusika mkuu wa hadithi hii, tangu alipotokea 1994, afu Omega Men wa miaka ya 80, afu matukio makubwa yaliyobadilisha yunivasi katikati hapo, orodha ikafika matoleo mia na ushee na sikumaliza hata robo, nikachoka, na komiki yenyewe ikakaa muda mrefu sijaigusa. Siku nilipoifungua tu hivihivi ndo nikagundua nilichotakiwa kukijua kabla kingeenea nyuma ya tiketi ya basi.

Kwa hiyo hapa naongelea The Omega Men ya 2015 hadi 2016, aliyeandika ni Tom King, mchoraji mkuu Barnaby Bagenda, rangi Romulo Fajardo Jr. Mwishoni nitagusa komiki nyingine za aina hii maana njia ni ileile.

Hatua ya 1: shika kitabu chenyewe

Hii inaonekana ya kijinga lakini watu wengi wanaanguka hapa. Jina Omega Men limetumika zaidi ya mara moja. Kundi lenyewe, yaani wapiganaji wa anga wanaoasi dola inayowatawala, lilitokea 1981 kwenye Green Lantern toleo la 141, kazi ya Marv Wolfman na Joe Staton, afu likapata komiki yake kuanzia 1983 mpaka 1986, matoleo 38. Kuna nyingine fupi ya matoleo 6 ilianza 2006. Na hii ya 2015, matoleo 12. Zote zinaanza na namba 1, kwa hiyo ukitafuta "Omega Men namba 1" unaweza ukaletewa yoyote kati ya hizo, ukasoma kurasa kumi ukashangaa mbona haifanani na ulichosimuliwa. Angalia mwaka na angalia majina ya waandishi, basi. Na mwaka wenyewe usikuchanganye, kwenye komiki za Marekani tarehe ya jalada huwa inatangulia, toleo limeingia sokoni mwezi wa sita lakini jalada linasema mwezi wa nane, ni kawaida yao.

Rahisi zaidi ni kitabu kimoja kilichokusanya matoleo yote, kinaitwa The Omega Men: The End Is Here. Uzuri wake mkubwa sio kwamba yote yapo pamoja, ni kwamba ndani kuna kile kipande cha utangulizi cha kurasa 8 kilichotolewa kabla ya toleo la kwanza. Ukisoma matoleo mojamoja ni rahisi sana kukiruka kwa sababu hakina namba, na ukikiruka umeruka mlango. Usikiruke.

Hatua ya 2: mambo matatu, na matatu tu

Haya ndo mambo unayotakiwa kuyajua kabla hujafungua. Nimeyapima, nikatoa mengine yote, yakabaki haya.

La kwanza, Green Lantern ni polisi wa anga. Wana pete, pete inatengeneza chochote ambacho mwenye nayo anakifikiria, na inaendeshwa na utashi. Mabosi wao wanaitwa Guardians. Rangi ya kijani ni utashi, lakini kuna rangi nyingine pia, njano ni hofu, nyekundu hasira, chungwa uroho, buluu matumaini, nili huruma, zambarau upendo, na Kyle Rayner ni yule jamaa aliyefika hatua ya kuzimudu zote saba akawa White Lantern. Yaani tuseme ni mmoja wa watu wenye nguvu kupita kiasi kwenye yunivasi nzima. Kabla ya hapo alikuwa mchoraji tu wa kawaida. Hayo yanatosha, wala huhitaji kujua alizipataje.

La pili, kuna mfumo wa nyota unaitwa Vega. Kihistoria Green Lantern hawaruhusiwi kuingia huko, ni makubaliano ya zamani ya mabosi wao. Maana yake ukiwa Vega na mambo yamekuharibikia, polisi haji. Shika hilo.

La tatu unalijua tayari hata kama hujawahi kufungua komiki maishani: Superman anatoka Krypton, na Krypton ililipuka.

Basi. Funga orodha. Mtu akikwambia lazima kwanza usome hiki na kile, msikilize kwa adabu afu endelea na safari yako.

Hatua ya 3: tafuta msumari

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo sababu ya kuandika yote haya.

Watu wanadhani komiki iliyo ndani ya yunivasi ya pamoja inategemea yunivasi yote, kama tofali la chini ya ukuta, ukilitoa vyote vinaanguka. Kiukweli komiki nyingi nzuri za pembeni zimening'inia kwenye msumari mmoja tu, au miwili. Kuna kitu kimoja cha yunivasi ambacho mwandishi amekichukua akakifanya injini yake, vingine vyote ni mapambo. Kazi yako kama msomaji ni kuuona huo msumari mapema, ukishauona hofu ya "sijui historia" inaisha yenyewe.

Kwenye The Omega Men msumari ni Krypton. Angalia mwandishi anavyofanya. Krypton ililipuka, na kila mtu angani anajua ililipuka, sasa kila sayari ina hofu kwamba na sisi je. Kuna madini yanaitwa stellarium yanayoweza kutuliza kiini cha sayari isilipuke. Na madini hayo yapo Vega. Unaona inapoelekea? Citadel, yaani dola inayoitawala Vega, inachimba stellarium na kuiuza nje, huko nje watu wanalala kwa amani kwa sababu sayari zao ziko salama, na hakuna anayeuliza sana wenye ardhi ya Vega wanaishije. Ile ajali ambayo kwenye komiki nyingine ni hadithi ya mtoto aliyeokolewa kwenye chombo kidogo, hapa imegeuka kisingizio cha ukoloni wa madini. Huhitaji mtu akufafanulie zaidi ya hapo, ukisoma utasikia mwenyewe inagonga wapi.

Na ndo maana mi nasema hadithi hii isingefanya kazi hivi nje ya yunivasi ya pamoja. Mwandishi angebuni sayari yake iliyolipuka ungesema sawa, imelipuka, endelea. Lakini Krypton unaijua tangu utotoni, unayo huruma nayo tayari moyoni, sasa anakuja mtu anaitumia ile huruma yako kukuonyesha watu wanaoumia kwa jina lake. Hiyo huwezi kuipata kwa kuanza upya.

Hatua ya 4: soma zile kurasa 8 kama video, sio kama komiki

Kipande cha utangulizi ni rekodi. Mateka amewekwa mbele ya kamera, mateka ni Kyle, nyuma yake wako watu wenye silaha, na mwisho wake ni mbaya. Tom King kabla ya kuandika komiki alifanya kazi CIA upande wa kupambana na ugaidi, kwa hiyo ukihisi kwamba huyu mtu anajua video za namna hiyo zinavyokaa, hujakosea.

Ukiisoma jiulize maswali mawili, nani ameitengeneza hii video, na anataka nani aamini nini. Usijibu. Yaandike kichwani uendelee.

Natoboa kitu kimoja hapa kwa sababu komiki yenyewe inakitoboa mapema sana: Kyle hajafa. Ndo muhusika wetu. Amekwenda Vega kutafuta amani, hana pete, ametekwa na Omega Men, na ulimwengu wote unaamini ameuawa. Sasa rudi kwenye lile jambo la pili kule juu, polisi haji Vega, na hata wangetaka kuja hawana wa kumwokoa maana wanadhani ni marehemu. Yule mwenye nguvu kupita wote kabaki binadamu mwenye shingo inayoweza kukatwa. Kuanzia hapo mashujaa hawatakusaidia, na mwandishi anataka ulijue hilo kurasa za mwanzo kabisa.

Hatua ya 5: tofautisha kuchanganyikiwa kwa aina mbili

Toleo la 1 na la 2 zitakuacha hewani, nakuahidi. Unatupwa katikati ya vita, majina ya sayari yanapita, watu wanapigana hujui nani ni nani. Hapa wengi ndo wanaweka chini wanasema "sijasoma za nyuma, ndo maana sielewi". Si kweli. Hata aliyesoma DC yote tangu tumboni alichanganyikiwa vilevile, kwa sababu mwandishi amekuficha makusudi.

Kwa hiyo ukikwama jiulize, hiki nisichokielewa ni kitu cha yunivasi au ni kitu cha mwandishi? Kama kuna jina limetajwa kana kwamba unalijua na hadithi inaendelea bila kulijali, hilo ni la yunivasi, liruke, halikuhusu. Lakini kama ni swali ambalo wahusika wenyewe wanalikwepa, mfano huyu binti mfalme yuko upande gani, au kwa nini wamemwacha huyu mateka hai, hilo ni la mwandishi na limewekwa hapo likuwashe. Usikimbilie mtandaoni kutafuta jibu lake, utajinyang'anya utamu mwenyewe. Kanuni yangu ni kwamba swali likifikisha matoleo matatu bila jibu wala dalili ndo naruhusiwa kutafuta, na kwenye komiki hii sikuwahi kufika huko.

Sura za kuzikariri ni chache. Primus ndo kiongozi. Kalista ni binti mfalme wa Euphorix, mkazie macho kuliko wote. Tigorr ana umbo la paka mkubwa na hasira zake ziko karibu. Broot ni lijitu kubwa la kwao Changralyn, ana imani yake ya dini na ndo muhusika ambaye mi alinishika kuliko wengine. Scrapps ni kadogo kwa umbo lakini mdomo wake na silaha zake usivichezee. Upande wa pili kuna Viceroy, mkubwa wa Citadel pale Vega. Ukiwajua hao sita pamoja na Kyle umemaliza, andika kwenye karatasi uweke kando ya kitabu kama unasahau majina kama mimi.

Kisa kimoja cha pembeni: komiki hii ilipokuwa inatoka ilitangazwa kwamba itakatishwa kabla haijafika mwisho, wasomaji wakapiga kelele, DC ikageuza uamuzi ikaiacha ifike 12 kama ilivyopangwa. Mi nadhani hii ficha-ficha ya mwanzo ilichangia, ukisoma toleo moja afu usubiri mwezi mzima lingine, lazima ukate tamaa. Ukiwa na kitabu kizima huna shida hiyo, kwa hiyo vumilia mpaka toleo la 3 ndo uamue kama ni ya kwako au la.

Hatua ya 6: mwendo wa kurasa

Utagundua kurasa nyingi sana zimegawanywa visanduku tisa, vitatu kwa vitatu, vyote saizi moja. Sio uvivu wa mchoraji. Visanduku tisa vinafanya kazi kama ngoma, pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa-pa-pa, macho yako yanazoea mdundo, na pia vinabana, hakuna nafasi ya ngumi kubwa ya superhiro iliyojaa ukurasa mzima. Watu wamefungiwa ndani ya gridi kama wafungwa. Sasa kazi yako, kila gridi inapovunjika, yaani visanduku viwili vimeungana au ukurasa mzima umekuwa picha moja, simama. Hapo kuna kitu. Rudi kisanduku kimoja nyuma, angalia nini kimesababisha.

Pia soma picha kabla ya maneno. Najua sote tuna ugonjwa wa kukimbilia viputo vya maneno kwa sababu tunadhani ndo hadithi, afu picha tunaipitia kwa pembeni ya jicho. Hapa utapitwa. Kuna kurasa hamna neno hata moja au maneno yanasema hivi na uso unasema vile. Na rangi pia ziangalie, Fajardo hakupaka tu kuziba nafasi, zina ukungu fulani laini kama picha ya kuchorwa kwa brashi, afu ndani ya huo ulaini ndo mambo ya kutisha yanatokea. Majalada ya Trevor Hutchison nayo usiyapite, yamechorwa kama mabango ya propaganda ya wakati wa vita, na ukishafika katikati ya hadithi rudi uyaangalie tena ujiulize bango hili ni la upande gani.

Hatua ya 7: toleo moja, afu pumzika

Toleo moja ni kurasa 20 hivi, dakika kumi na tano umemaliza. Kishawishi ni kumeza yote 12 usiku mmoja. Usifanye hivo. Kila toleo linafungwa na nukuu ya William James, mwanafalsafa wa Marekani aliyeishi 1842 hadi 1910, mtu aliyefikiria sana kuhusu imani na jinsi ukweli wa wazo unavyopimwa kwa matokeo yake kwenye maisha. Kwa hadithi inayouliza kama unaweza kufanya ubaya kwa ajili ya jambo unaloliamini, huyo sio chaguo la bahati mbaya.

Njia yangu ni hii, nikifika kwenye nukuu nafunga kitabu. Naisoma mara mbili. Afu najiuliza, kwenye toleo hili nani angeitumia nukuu hii kujitetea? Cha ajabu mara nyingi pande zote mbili zinaweza. Ukishaanza kuona hivyo umeshaingia kwenye komiki sawasawa, maana mwanzo unaingia umeshachagua timu, hawa wakoloni wabaya hawa wapiganaji wazuri, afu toleo baada ya toleo ile timu uliyoichagua inafanya vitu ambavyo unajikuta unavitafutia udhuru. Mi nilishika nukuu moja nikailalia siku mbili. Sio lazima we ufanye hivo, siku moja inatosha.

Hatua ya 8: ukimaliza ndo ufungue mlango wa yunivasi

Sasa hivi ruhusa. Omega Men wa 1983 ni kitu kingine kabisa, cha zamani zaidi, cha kelele zaidi, maelezo yamejaa kwenye visanduku vya maandishi. Toleo la 3 ndo alipotokea Lobo, muhusika maarufu wa DC, kwa mara ya kwanza, na kama unamjua usitegemee Lobo yule wa pikipiki, huyu ni mwindaji tu wa kukodiwa amevaa mavazi ya ajabu. Matoleo ya 26 na 27 yana hadithi fupi za nyongeza za mwandishi Alan Moore, ni kurasa chache tu na zinasomeka zenyewe bila kujua chochote. Na kama unampenda Starfire, shujaa wa kundi la Teen Titans, sayari yake Tamaran iko hukohuko Vega, kwa hiyo ukisikia anaongelea kwao sasa una picha ya ujirani.

Komiki za zamani zina adabu yake. Utakutana na kinyota kando ya maneno na chini kimeandikwa tazama toleo fulani. Hicho ni mhariri anakuuzia toleo lingine, mara nyingi sentensi iliyo na kinyota inajitosheleza, endelea kusoma. Ukurasa wa kwanza karibu kila mara unakusimulia yaliyopita, kwa hiyo kuingilia katikati hakukuwa dhambi hata enzi hizo.

Na msumari unautafuta vilevile. Ukienda Marvel, kampuni pinzani ya DC, kuna hadithi za Killraven kwenye komiki ya Amazing Adventures kuanzia 1973, msumari wake hata sio wa Marvel, ni ile riwaya ya H.G. Wells ya 1898, The War of the Worlds, Wamarsi (viumbe wa sayari ya Mirihi) wamerudi mwaka 2001 na safari hii wameshinda. Deathlok wa 1974, mwanajeshi aliyefufuliwa nusu mashine, amewekwa kwenye mwaka 1990, hapo unachotakiwa kukubali ni kwamba mustakabali wao kwetu ni zamani, usicheke, soma kama ndoto mbaya ya mtu wa 1974. ROM, matoleo 75 kuanzia 1979 mpaka 1986, alianza kama mwanasesere wa kampuni ya Parker Brothers, ndo maana kwa miaka mingi sana haikuchapishwa tena, haki za jina hazikuwa za Marvel. Ukiona komiki ya zamani haipatikani popote usidhani ni mbaya, kwanza uliza kama ilikodi jina la mtu.

Ila kabla hujaenda huko, kuna kitu kimoja kimebaki. Ukishafunga toleo la 12, rudi kwenye zile kurasa 8 za mwanzo. Isome ile video tena, na yale maswali mawili uliyoyaweka kichwani, nani ameitengeneza na anataka nani aamini nini, safari hii yajibu. Afu uangalie tena nani amesimama nyuma ya mateka.